Kilomita 40 kwa saa, ikiwa sebuleni

Kwa karibu miaka miwili pikipiki yangu ilikuwa inakimbia kilomita 40 kwa saa usiku kucha, ikiwa imeegeshwa sebuleni kati ya kochi na ndoo za maji. Mshale wa spidomita ulikwama pale. Ukiwasha taa unauona umeelekea 40, asubuhi unaukuta palepale. Mwanangu wa mwisho aliwahi kuniuliza mbona haichoki.

Kuirekebisha spidomita hiyo kumenichukua miezi minne, na kila nikisema hivyo watu wananiangalia kama nimesema nilifunga kamba za viatu kwa miezi minne. Vijana wa boda ndio hawanihurumii kabisa. "Bwana shamba, mita ya nini sasa? Kwani bila mita haiendi?" Inaenda, ndiyo. Simama Msamvu, hapa Morogoro, jioni moja uchungulie dashibodi za pikipiki zinazosubiri abiria. Hii kioo kimepasuka, ile waya umekatwa na tundu limezibwa kwa nailoni, nyingine dashibodi yote haipo, zimebaki nyaya tatu zilizoviringishwa solotepu nyeusi. Na wote wanafika wanakokwenda. Hata mimi nilikuwa nafika.

Pikipiki yenyewe ni Yamaha DT125, ile ya miradi. Aliyekulia kijijini anaijua bila kuelezwa: tairi la mbele refu jembamba, la inchi 21, injini ya mipigo miwili, moshi wa bluu asubuhi, na mlio unaotangulia kufika kabla ya mwenyewe. Bwana mifugo alikuwa nayo, wa chanjo alikuwa nayo, padri alikuwa nayo. Yangu niliipata mnadani mwaka 2019, mradi mmoja ulipofunga virago. Ilikuwa inasoma kilomita elfu thelathini na moja na kidogo, na kila kitu kwenye dashibodi kilikuwa hai, hata kile kitaa cha kijani cha niutro.

Kazi yangu ni ugani. Wiki hii niko Mgeta kwenye kabichi na njegere, wiki ijayo niko Dakawa kwenye mpunga. Kwa hiyo pikipiki hii haijui lami tu wala vumbi tu. Nilianguka mwezi wa tatu, nikishuka kutoka Nyandira. Mvua ilikuwa imekatika, lakini udongo wa Uluguru ukishalowa haujali kama mvua imekatika. Tairi la mbele lilienda kushoto, mimi nikaenda kulia, usukani ukapiga ukingo wa barabara. Goti lilichubuka. Taa kubwa ilipinda, bati linaloshika spidomita likakatika upande mmoja, kioo kikabonyea ndani, na mshale ukabaki 40. Wala sikuwa na spidi hiyo wakati naanguka, nilikuwa gia ya kwanza. Ulisukumwa tu ukaona mahali pa kukaa.

Nikafunga kila kitu kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, nikarudi mjini, na nikaanza kuendesha kwa masikio.

Kuendesha kwa masikio si upuuzi. Injini ya mipigo miwili inaongea. Ukishazoea unajua hapa gia ya nne imetosheka, hapa inaomba ya tano, hapa inalia. Nilijiaminisha kwamba najua spidi yangu kwa tofauti ya kilomita tano hivi. Mpaka siku moja mwenzangu wa ofisini alipokuwa nyuma yangu na gari kutoka Dakawa. Tulipofika akaniuliza nawahi msiba gani. Mimi moyoni nilikuwa 60. Yeye kwenye gari alikuwa anasoma 80, na bado namkimbia.

Tatizo la sikio ni kwamba linazoea. Ukienda mbio nusu saa kwenye barabara iliyonyooka, mbio zile zinakuwa ndiyo kawaida, na ukipunguza kuingia kijijini unaona kama umesimama ilhali bado uko 65. Kibao kinasema 50. Tochi ya trafiki ya kupimia spidi haina habari na hisia zako. Nililipa 30,000 mara moja, na sikuwa hata na cha kubisha, maana mshale wangu ulikuwa unamwonyesha askari 40 huku pikipiki imezimwa. Alicheka. Nami nikacheka, nikalipa.

Lakini si tochi iliyonisukuma. Ni petroli. DT haina geji ya mafuta. Ina koki chini ya tangi: wazi, funga, na rizevu, yaani akiba ya mwisho. Zamani, namba za kilomita zilipokuwa zinatembea, nilikuwa na daftari dogo kwenye begi la spana. Kila nikijaza naandika kilomita na lita, na nilijua kwamba lita moja inanipa kilomita 28, zikizidi 30 ni siku ya upepo wa nyuma. Kilomita 150 zikifika, naingia kituoni bila mjadala. Namba zilipokufa, utaratibu ukafa nao, ikabaki kutikisa tangi na kusikiliza. Usiku mmoja, katikati ya Dumila na Dakawa, pikipiki ikakohoa. Nikashuka mkono kwenda kwenye koki nigeuze rizevu. Koki ilikuwa tayari iko rizevu. Sijui niliigeuza lini.

Kusukuma DT gizani unapata muda wa kutosha wa kufikiri. Mpaka nafika penye taa nilikuwa nimeelewa kwamba miaka yote ile nilidhani nimepoteza kipima mwendo, kumbe nilichopoteza ni ile mistari ya namba ndogo chini yake. Spidi unaweza kuikisia vibaya ukaishi. Umbali haukisiwi. Nani anaweza kukumbuka alikotoka kwa wiki tatu?

Nikaanza vibaya. Nilianza kununua.

Dukani nikaambiwa mita ya DT haipo, mpya haipatikani, "lakini chukua hii ya boda, shilingi 15,000, zote ni zilezile." Nikaichukua. Nyumbani nikafungua ile iliyokufa, nikaiweka mpya hewani, nikakaza waya, nikapanda, nikaenda mpaka mwisho wa mtaa na kurudi. Mshale mpya haukutikisika. Sifuri.

Hapo ndipo nilipopaswa kuwa nimeanza. Ngoja nieleze kitu kinavyofanya kazi, kwa sababu kukijua kungeniokolea siku tatu. Kwenye ekseli ya tairi la mbele, ubavuni mwa habu, yaani kitovu cha tairi, kuna kikombe chenye gia ndani. Tairi likizunguka linaizungusha gia hiyo, gia inazungusha waya, na waya unapanda kando ya shoka, yaani shokapu ya mbele, mpaka juu. Juu, waya unafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza, unazungusha gia nyembamba za plastiki zinazosukuma namba za kilomita. Hizo zimeshikana meno kwa meno, hazina kukisia. Ya pili, unazungusha sumaku. Karibu na sumaku hiyo kuna kikombe chepesi cha aluminiamu ambacho hakigusani nayo kabisa. Sumaku ikizunguka inazalisha umeme mdogo ndani ya kikombe, umeme huo unakivuta kikombe kifuate, na springi nyembamba kama unywele inakirudisha. Mshale umepandwa juu ya kikombe. Ukienda kasi, mvuto unaishinda springi zaidi, mshale unapanda. Mjerumani Otto Schulze aliandikisha hataza ya jambo hili Berlin mwaka 1902, na mpaka leo pikipiki za waya zinatumia wazo lilelile. Haihitaji betri. Inapima kwa kuvutana tu.

Sasa tazama: kama mshale umekwama lakini namba zinatembea, ugonjwa uko ndani ya spidomita. Kama mshale na namba vyote vimekufa, usiiguse spidomita, nenda chini. Nikachukua daftari langu la petroli nikalifungua mwezi ule wa kuanguka. Nilianguka tarehe 9. Lakini tarehe 14 nimeandika kilomita, tarehe 20 nimeandika nyingine kubwa zaidi, tarehe 23 nimeandika 38,214. Halafu kila mstari unaofuata ni 38,214, 38,214, na baadaye nimeacha kuandika. Kwa hiyo namba hazikufa siku ya kuanguka! Ziliendelea wiki mbili na mshale umekwama. Kilichoziua ni kingine, na pembeni ya tarehe 23 nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe: "pancha ya mbele."

Nikaenda kwa mzee fundi, ambaye ana kibanda chini ya mwarobaini na hapendi mteja anayekuja na spea aliyojinunulia. "Shikamoo, fundi." "Marahaba, bwana shamba. Umeleta nini tena?" Nikamwonyesha mita. Hakuishika. Akainama kwenye tairi la mbele, akafungua nati ya ekseli, akachomoa kikombe cha gia, akanipa bila kusema neno.

Ndani ya kikombe kuna pete ya bati yenye masikio mawili. Masikio hayo yanatakiwa yaingie kwenye mapengo mawili ya habu unaporudisha tairi. Ukiyalenga, tairi linakaa kimya. Usipoyalenga, nati ukiikaza inayabana, yanapinda, yanalala chali, na kuanzia hapo tairi linazunguka peke yake na gia imetulia. Ya kwangu yalikuwa yamelala kabisa, moja limekatika nusu. "Fundi pancha," akasema mzee, kama daktari anayetaja malaria. Nadhani nusu ya spidomita zilizokufa Msamvu zilikufa hivyo, pembeni ya ndoo ya maji ya kutafutia kitobo, na mwenye pikipiki amesimama pale pale anachezea simu. Mimi nilikuwa nachezea simu.

Masikio yalinyooshwa kwa plaizi na kuongezewa nyama kidogo kwa kulehemu. Waya mpya, 5,000. Hapo ikaja kazi ambayo niliidhani nyepesi: mahali pa kuweka mita mpya. Bati la zamani lilishakatika, na mita ya boda ina bolti mbili nyuma zisizolingana na chochote cha DT. Mimi nikawa na wazo. Kwa nini niirudishe kule mbele juu ya taa, inakopigwa na kila tawi na kila anguko? Niisogeze kwangu, juu ya bolti zinazobana usukani, kushoto kidogo, niione bila kuinua macho. Mzee fundi akakata kipande kutoka kwenye beleshi bovu, akatoboa matundu manne, akakipinda kwa nyundo juu ya reli. Kilipendeza. Kati ya bati na mita akaweka vipande vya kandambili, viwili kila bolti, vimekatwa mviringo kwa kisu. Nilidhani ni utani. Akaniambia mita ikifungwa chuma kwa chuma kwenye injini inayotetemeka vile, springi ile ya unywele haimalizi mwezi, na balbu ndio kabisa.

Mahali palikuwa pazuri kwa macho. Kwa waya palikuwa pabaya. Ili ufike pale ilibidi upande kando ya shoka, upite nyuma ya taa, halafu ukate kona kali kuingia chini ya mita. Siku ya kwanza mshale ulicheza: 30, 50, 35, 55, ukipigapiga kama mkia wa mbuzi. Waya wa ndani ukipindwa kona kali unagoma kidogo, unajikusanyia msokoto, halafu unaachia kwa mkupuo, tena na tena. Nikaenda hivyo siku nne nikijidanganya kwamba utajilainisha. Siku ya tano nilikata kushoto kwenye kona ya sokoni, usukani ulipofika mwisho nikasikia "tik", mshale ukaanguka.

Waya wa pili, 5,000 nyingine. Safari hii mzee alifanya kwa kurudi nyuma. Alifunga waya kwanza, chini na kwenye pete yake ya kando ya shoka, akauacha uende juu unakotaka wenyewe. Akageuza usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho. Akaniambia nikalie pikipiki na kudundadunda ili shoka zishuke na kupanda. Akaangalia ncha ya waya inapopenda kukaa ikiwa haivutwi wala haikunjwi, akaweka alama hewani kwa kidole. "Mita itakuja hapa." Ilikuwa karibu mahali palepale pa zamani, juu ya taa, ila imeshuka vidole vitatu. Wajapani hawakupaweka pale kwa bahati mbaya, na bati letu la beleshi likapindwa upya.

Kitu kimoja tu alinikataza. Nilikuwa nimeshika kopo la grisi naupaka waya wa ndani kuanzia ncha mpaka ncha. Akaninyang'anya, akafuta shubiri nzima ya juu ikabaki kavu. Waya unaozunguka unapandisha grisi taratibu kama parafujo, ikifika kwenye sumaku na kikombe, vile visivyotakiwa kugusana vinashikana kwa utelezi ule, na mshale unaanza kusema unavyotaka.

Sasa mita ikafanya kazi, na nikawa na furaha ya kijinga. Mshale umetulia. Pikipiki imekuwa na nguvu! Barabara ya Dodoma nikaona 100, jambo ambalo sikuwahi kuliona hata siku niliyoinunua. Ulaji wa petroli nao ukapungua: nilipiga hesabu kwenye daftari nikapata kilomita 39 kwa lita. Nikamsimulia kila mtu. Nikasema ni plagi mpya.

Kisha nikaenda Mikumi. Kutoka Msamvu mpaka Mikumi mjini ni kama kilomita 120, dereva yeyote wa njia ya Iringa atakuambia. Nikaingia hifadhini na kile kibao cha 70, nikashikilia 70 kwa nidhamu kubwa, nyani wamekaa pembeni wananitazama. Basi likanipita. Roli la mafuta likanipita. Halafu likaja roli limebeba mbao, lile unalolinusia breki kabla hujaliona, likanipita nalo, na utingo juu ya mbao akanipungia mkono wa pole. Nilipofika mjini nikasoma kilomita za safari: 166. Kwa namba zile nilitakiwa niwe nimeshaingia milimani, njia ya kuelekea Ruaha Mbuyuni.

Jioni ile, nyumba ya wageni, nilikaa na kalamu. 166 kwa 120, karibu 1.4. Kilomita 39 kwa lita ukigawanya kwa 1.4 ni 28, ileile ya siku zote. Plagi haikufanya lolote. Na lile 100 langu lilikuwa 71.

Niliporudi nikafanya nilichotakiwa kufanya kabla ya kufungua pochi. Nikachora mstari wa chaki sakafuni na mwingine kwenye tairi, nikakalia pikipiki ili tairi libonyee linavyobonyea njiani, mke wangu akaisukuma mpaka alama ya tairi ikarudi chini tena. Mita 2.06. Halafu nikachomoa waya juu, nikabandika kipande cha karatasi kwenye ncha yake kama bendera, nikainua tairi la mbele kwa kreti la soda, nikalizungusha taratibu mara kumi huku mwanangu anahesabu bendera. Mara 29, pungufu kidogo. Tairi mara kumi ni mita 20.6. Mizunguko 29 kwa mita 20.6 ni 1.4 kwa mita, yaani 1,400 kwa kilomita. Nikaenda kuichukua ile spidomita ya zamani kwenye boksi, nikafuta vumbi la uso wake kwa mate: chini kabisa, kwa herufi za kuhitaji miwani, 1400. Ile ya boda, mahali palepale: 1:1000.

Ndiyo siri yote. Spidomita haijui barabara wala tairi, inajua waya umezunguka mara ngapi. Hii ya boda imeundwa iamini kwamba mizunguko 1,000 ni kilomita moja. Pikipiki yangu inaipa 1,400. Haina ubishi, inazidisha tu. "Zote ni zilezile" ni kweli kwa skurubu, kwa hesabu si kweli.

Nilikuwa na bahati ya upande. Kosa langu lilinifanya niende polepole. Ukifunga kinyume, mita ya 1,400 kwenye waya wa 1,000, utaona 50 ilhali uko 70, na hiyo ndiyo inayoua watu na kuneemesha tochi. Watengenezaji wenyewe wanakosea kwa makusudi kuelekea upande wa usalama. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, kwa nchi zilizoikubali, inasema spidomita isionyeshe kamwe chini ya spidi halisi, ila juu inaruhusiwa: kwa pikipiki kubwa, asilimia 10 na kilomita 8 juu yake. Ukiwa 60 kweli, inaweza kukuambia mpaka 74. Yangu ilikuwa inasema 84, hata huruma ya kanuni ilikuwa imekwisha.

Njia zilikuwa mbili. Kuna spidomita za elektroniki zinazotumia kisumaku kwenye spoku na sensa kwenye shoka. Hata ile ndogo ya baiskeli inafaa, unaiingizia mzingo wa tairi kwa milimita, kwangu 2060, basi. Kwa akili ndiyo bora. Lakini nilishaona vioo vile vya kidijitali jua la Dakawa likivipiga mchana, na nilishaishi na vumbi. Nikataka ya waya, ya 1400.

Niliipata Kariakoo, kwenye chumba kirefu chenye giza, mita zimening'inizwa kwenye kamba kama samaki. Ya DT, kioo kizima, 45,000 baada ya kuvutana. Ilikuwa inasoma 61,907. Muuzaji, kijana mpole, akatoa bisibisi ndogo kabla sijauliza. "Nikurudishie sifuri, kaka? Au unataka ngapi?"

Unataka ngapi. Nilisimama pale nikashindwa kujibu, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilikuwa na jibu na nililiacha kwenye begi. Nikatoa daftari. 38,214 ilipokufa. Miaka ile miwili ya masikio sikuandika kilomita, lakini risiti za petroli nilizihifadhi kwa ajili ya ofisi: lita 640. Mara 28, kilomita 17,920. Mita ya boda ilikuwa imefika 2,310, gawanya kwa 1.4, ni 1,650. Nikajumlisha juu ya kaunta huku yeye anasubiri na bisibisi yake.

"Weka 57,784."

Akaniangalia. "Kaka, watu wanasema 12,000. Wanasema 9,000. Hii yako nani ataipenda?"

Akaiweka hata hivyo, gurudumu moja moja, akipuliza vumbi kati ya namba. Nikaiona 5 ikija, 7, 7, 8, kisha 4 ikagota kidogo kabla ya kukaa. Sijui kama kufanya vile ni haki. Namba ile ni makisio na uso wake hausemi kwamba ni makisio. Ndiyo maana hesabu nzima nimeiandika kwenye kipande cha karatasi, nikakitia kwenye mfuko wa nailoni, kiko chini ya kiti pamoja na spana ya plagi. Atakayeinunua atakikuta.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda barabara ya Dodoma asubuhi, hakuna magari, nikashikilia mshale kwenye 60 kati ya kibao kimoja cha kilomita na kinachofuata, saa ya mkono nimeifunga kwenye usukani. Ukiwa 60 kamili ni sekunde 60. Nilipata 62. Nikarudia kinyume na upepo, 62 tena. Yaani niko 58. Safi. Ila namba ya mwisho bado inagota ikitoka 9 kwenda 0, unahesabu mpaka tatu ndipo inaanguka, nami nimeiacha hivyohivyo.